Mfumo Mpya kwenye Chumba cha Draya

Nyinyi mliobaki kwenye chumba cha kompyuta, mliponiaga nikistaafu mlinipa blanketi, sufuria kubwa na kazi ya kuandika niyajuayo kabla sijayasahau. Blanketi naitumia kila siku, maana baridi ya huku kwetu Merigi mwezi wa saba haina mchezo. Sufuria wakwe zangu wameshaikopa na sidhani nitaiona tena. Kazi ya kuandika nimeifanya kwa sehemu. Namna ya kuizindua printa ya lebo ikigoma, namna ya kutengeneza nakala za akiba, nywila za mashine ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka isipokuwa mimi, yote yako kwenye daftari la kijani, droo ya pili. Hili la leo nimeliandika kando kwa sababu lina mtu ndani yake.

Kiwanda chetu mnakijua, na asiyekijua hahitaji jina lake. Kiko kwenye vilima vya chai kati ya Kericho na Bomet, na inatosha. Niliingia pale nikiwa msichana wa kupiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa iliwekwa kwenye chumba chenye pazia zito, na amri ikatoka kwamba kila anayeingia avue viatu mlangoni, kama anayeingia kwa mama mkwe. Aliyetuuzia alisema adui wa kompyuta ni vumbi. Vumbi, ndani ya kiwanda cha chai! Meneja wa wakati huo alitupanga makarani wote mstari, akauliza nani haogopi kuitumia. Wenzangu wakarudi nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa naangalia lori nje dirishani, nikabaki nimesimama mbele peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyopata taaluma yangu, na nimesikia watu wakisema nilikuwa na kipaji.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa Mzee Rono, fundi wa umeme, aliyeacha shule darasa la saba na kutembea na bisibisi ya kupimia umeme nyuma ya sikio. Alinifundisha jambo moja ambalo mpaka leo linazidi vyeti vyangu vyote: usiiulize mashine kama ni nzima, maana itakujibu ni nzima. Tafuta kitu cha nje yake ukaiulize nacho. Alikuwa akiongea kuhusu pampu ya maji, lakini niliichukua ile kauli nikaenda nayo kwenye kompyuta, na miaka mingi ilinitunza.

Sasa lazima nieleze draya, kwa sababu wapo kati yenu ambao hamjawahi kutoka kwenye viyoyozi vyenu mkashuka kuziona. Majani yakishanyaushwa, yakakatwa na kugeuka rangi, huingia kwenye draya, sanduku refu la chuma linalopuliziwa kutoka chini hewa iliyopashwa moto kwa mvuke wa boila. Joto likizidi, chai inaungua. Likipungua, chai inatoka na unyevu na itaota ukungu guniani. Mwendeshaji husimama pale kati na magurudumu yake ya mvuke, anafungua na kufunga. Kwetu draya namba moja na namba mbili ziko ubavu kwa ubavu na huendeshwa na mtu mmoja. Namba tatu iko peke yake upande wa pili wa ukuta.

Mwendeshaji bora tuliyewahi kuwa naye ni Ouma. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaoa, akazaa, na akawa mwenyeji kiasi cha kunywa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, bila kukunja uso. Aliishi na mkewe, Mama Akinyi, na watoto wao wanne kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya uwanja wa kuni. Ouma alijua joto la draya kwa kuchota chai kidogo mdomoni mwa mashine, kuisugua kiganjani na kuinusa, halafu kuweka mkono juu ya bati. Saa za mviringo za kupima joto zilikuwepo kwenye mashine, lakini yeye alizitazama kwa heshima tu.

Halafu tukaingiza kompyuta mpaka huko. Kila draya iliwekewa kipima joto chenye umbo la kalamu, na waya ukatoka kwenye kila kipima joto mpaka kwenye kompyuta moja ndogo ndani ya chumba cha draya, ambapo mwendeshaji angesoma namba zote tatu kwenye skrini. Mzee Rono alikuwa bado kazini. Siku ya kuzifunga alichemsha chai, akaimimina kwenye kikombe cha bati, akachomoa vipima joto kimoja kimoja na kukichovya. Mimi nilikaa mbele ya skrini nikimwambia ni namba ipi inayopanda. Akichovya cha draya ya kwanza, namba ya kwanza ilitakiwa kupanda na hizo nyingine zitulie. Tulifanya hivyo kila baada ya matengenezo, kwa miaka. Chai ile aliinywa baadaye, nami sikumkataza.

Mafunzo ya waendeshaji nilitoa mimi. Niliwaambia waache kubabaika na viganja, wafuate skrini. Ouma aliuliza kwa upole itakuwaje mkono ukisema vingine. Nikamjibu mbele ya wenzake, "Mkono unachoka, baba. Skrini haichoki." Watu walicheka, yeye akacheka pia, na kauli hiyo ikabandikwa ukutani kwa karatasi ya kompyuta yenye matundu pembeni. Miezi michache baadaye zile saa za mviringo ziling'olewa, kwa hoja kwamba hakuna haja ya kulipia matengenezo ya vitu viwili vinavyosema neno moja. Mzee Rono alipinga, hakusikilizwa, na baada ya muda akastaafu akarudi kwake Mogogosiek. Mimi sikumuunga mkono. Nilikuwa mtu wa kompyuta.

Miaka ikaenda. Nikiwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, ofisi kuu ikatuma barua: mfumo endeshi wa zamani hautalindwa tena, kompyuta zote zihamishwe kwenye mfumo mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Mnajua tayari, lakini waeleze wageni wenu hivi. Mfumo endeshi ni mwenye jiko. Programu zikitaka kitu, zinamwomba yeye, na yeye ndiye anayejua kila kifaa kiko kabati gani. Ukibadilisha mwenye jiko, vyombo ni vilevile, lakini mwiko hauko pale ulipouacha.

Aliyeandika barua ile hakuwa amewahi kufika kwetu, na kama angefika angeona mashine za umri wa wanangu. Printa ya lebo za magunia ilikuwa na plagi pana ya kizamani ambayo kompyuta mpya hazina tundu lake. Kericho nilipata waya wa kuiunganisha, ikachapisha, lakini herufi kama kuku amepita. Skana ya ofisi haikuwa na draiva, programu ya kuiendesha, ya mfumo mpya na haitakuwa nayo, mwenye kampuni alishaisahau. Programu ya maabara ya kupima unyevu ilidai ufunguo uliopotea na karani aliyehamia Eldoret. Mizani ya chumba cha kufungashia ilikubali kufanya kazi iwapo tu kompyuta imezimwa na kuwashwa mara mbili mfululizo. Sijui kwa nini, na msiniulize.

Wiki tatu hizo niliishi roho juu. Kila simu ikilia nilijua ni kitu kimekufa. Nilikuwa nakula nimesimama. Mume wangu alisema nimeanza kuongea peke yangu nikitembea bustanini, na sikukataa. Kompyuta ya draya niliiacha mwisho kwa sababu ndiyo niliyoiogopa zaidi. Printa ikikosea, unachapisha upya.

Niliifanya Jumapili, kiwanda kikiwa kimezimwa kwa usafi wa kila wiki. Boila ilikuwa imelala, draya zimefunguliwa milango, wasafishaji wanapiga maji kila mahali. Niliweka mfumo mpya, nikarudisha programu, nikaomba kimoyomoyo, nikaifungua. Ikafunguka. Draya ya kwanza, digrii kumi na tisa. Ya pili, kumi na tisa. Ya tatu, kumi na tisa. Mkononi nilikuwa na kipima joto cha kawaida cha kupimia hewa, nacho kikasema kumi na tisa. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kikombe cha Mzee Rono nilikikumbuka. Nataka mlijue hilo, kwamba sikusahau. Lakini jiko la wafanyakazi lilikuwa limefungwa, chupa yangu ya chai ilikuwa tupu, na nilikuwa nimeahidi kuwahi ibada ya pili kanisani. Niliangalia zile namba tatu zinazolingana nikajiambia mashine hizi ni nzima. Nikaandika kwenye fomu kwamba kila kitu kinafanya kazi, nikatia sahihi na kwenda kuimba.

Mashine zote zikiwa baridi, huwezi kujua ipi ni ipi. Mwenye jiko mpya alikuwa amehesabu matundu ya waya kwa mpangilio wake mwenyewe. Tundu lililokuwa la kwanza akaliita la pili, na la pili akaliita la kwanza. Joto la draya namba moja likawa linaonekana kwenye skrini chini ya jina la namba mbili, na la namba mbili chini ya jina la namba moja. Namba tatu haikuguswa.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na chai ilikuwa imechipua kupita kiasi. Jumatatu asubuhi malori yalipanga foleni mpaka barabarani, na msimamizi wa zamu alikuwa huko nje akigombana na madereva. Ouma alikuwa peke yake kwenye draya. Skrini ilimwambia namba moja imepoa kidogo, akafungua mvuke wa namba moja. Namba moja ya kweli haikuwa imepoa, ikazidi kupata moto. Skrini ikasema namba mbili inapanda, akafunga mvuke wa namba mbili. Namba mbili ya kweli ikazidi kupoa, skrini ikasema namba moja inazidi kushuka, akafungua tena. Kadiri alivyojitahidi kurekebisha ndivyo alivyoharibu. King'ora kililia kabla ya saa sita mchana. Nilipofika moshi ulikuwa mzito hata taa hazionekani, wala huwezi kujua unatoka mashine ipi, na Ouma alikuwa anakokota chai inayowaka kutoka kwenye mashine kwa reki, mkono wake wa kulia umeungua kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Kama si yeye kufunga feni na kuitoa ile chai, jengo lote lingekwenda.

Hakuna aliyempongeza. Mafundi walimwaga maji kila mahali, chai iliyoungua na ile mbichi zikachanganyika sakafuni, na mashine zote mbili zikaoshwa kabla mtu hajauliza swali. Jioni meneja aliniita akataka nimchapishie rekodi ya joto kutoka kwenye kompyuta. Nilichapisha. Karatasi ilisema namba mbili ndiyo iliyopanda kwa muda mrefu na namba moja ilikuwa imepoa. Ouma, akiwa na bandeji, alisema moto ulikuwa namba moja na kwamba mvuke wa namba mbili alikuwa ameufunga mapema. Meneja aliweka kidole kwenye karatasi, akamtazama Ouma, akamuuliza kama alikuwa amekunywa. Ouma ni Msabato. Hajawahi kugusa hata pombe ya busaa harusini.

Alipewa barua ya kujieleza mpaka Ijumaa, na akaambiwa wazi kwamba akishindwa kujieleza ataachishwa kazi na kuhama nyumba ya kiwanda. Nyumba hiyo ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Watoto wake wote walikuwa kwenye shule za karibu.

Usiku huo sikufumba jicho. Mtu mlevi anaweza kusema uongo, mtu mvivu pia, lakini nilimjua Ouma zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kumsikia akikosea jina la mashine yake. Jumanne asubuhi nilijaza chupa ya chai nyumbani, nikaenda chumba cha draya. Namba moja na mbili zilikuwa zimesimama. Nilichomoa kipima joto cha namba moja, nikakichovya kwenye kikombe, nikakimbia mbele ya skrini. Namba mbili ilikuwa inapanda. Thelathini, arobaini, hamsini na kitu.

Nilimwaga chai ile, nikajaza kikombe upya. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja. Kisha nikafanya kitu ambacho ningewafukuza kazi nyinyi kama mngekifanya. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha namba za matundu zikakaa sawa, nikajaribu tena kwa kikombe, nikaona ziko sawa, nikafunga. Kazi ya dakika mbili. Nikatoka, na sikumwambia mtu.

Nilijipa sababu. Nilijiambia nitamwambia meneja akiwa peke yake, na siku hiyo hakuwa peke yake. Nilijiambia ngoja nihakikishe kwanza. Nilijiambia pengine watamwonya tu, kisha yaishe, na hakutakuwa na haja ya kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Fomu ile ilikuwa na sahihi yangu. Binti yangu Cherotich alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni Kabianga. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye idara yetu, niliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba hii si kazi ya wanawake, na mawazoni niliwaona wale waliosema hivyo wakitabasamu. Hofu ina akili sana ya kutafuta maneno mazuri.

Jumatano nilipita kwenye nyumba za wafanyakazi nikielekea getini. Mama Akinyi alikuwa nje, akifunga vyombo kwenye karatasi za magazeti na kuvipanga ndani ya beseni. Nikamsalimia, akaitikia, nikaenda zangu.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Ouma alibisha mlango wa ofisi yangu. Alikuwa amevaa shati la kanisani, mkono kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Kwenye mkono mwingine alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Chero, nisaidie na hii," akasema. "Wewe ndio unajua kuandika za ofisi. Mimi mkono haushiki kalamu vizuri, binti yetu Akinyi ndiye ameandika."

Niliikunjua. Ilikuwa barua ya kujieleza. Ilisema kwamba siku ya Jumatatu yeye Ouma alichanganya draya mbili, akafungua mvuke pasipofaa, kwamba pengine ni macho au ni uchovu, na kwamba anaomba msamaha kwa sababu ya watoto. Nilimuuliza kama hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Aliuangalia mkono wake wenye bandeji. "Mimi naona nilifanya sawa," akasema. "Hata mkono ulikuwa unaniambia namba moja iko moto, nikauachilia, nikafuata skrini vile ulitufundisha. Lakini karatasi inasema vingine, na kompyuta haiwezi kukosea yenyewe. Sasa nimeanza kujiuliza kama niko sawa kichwani. Na meneja amesema nikikubali makosa, wanaweza kutuachia nyumba mpaka shule zifungwe."

Hapo ndipo ningesema. Mtu yeyote mwenye utu angesema hapo. Mimi nilivuta kibodi nikaanza kuchapa barua yake. Niliichapa yote. Nilirekebisha sentensi. Pale Akinyi alipoandika "macho yangu ni mabaya" niliandika "uwezo wangu wa kuona umepungua", kwa sababu ndivyo barua za ofisi zinavyoandikwa. Nikaichapisha, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi moja moja. Akaniambia Mungu akubariki, mama. Nikasema amina.

Akatoka. Nilisikia hatua zake kwenye korido, nikasikia akimwachia barua karani wa meneja, nikasikia mlango wa nje ukifungwa. Nilibaki nimeshika ile karatasi ya Akinyi yenye mikunjo minne. Mtoto wa darasa la nane alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba baba yake haoni, na si kweli. Nikasimama, nikaenda kwa karani, nikachukua ile barua kwenye trei bila kuomba, nikaingia kwa meneja bila kubisha.

Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninaelewa uzito wa ninachosema. Nikasema naelewa. Akaniuliza niligundua lini. Nikasema Jumanne. Akaangalia kalenda ya ukutani, ingawa sote tulijua siku ilikuwa gani.

Ijumaa kikao kilifanyika chumba cha draya badala ya ofisini. Nilirudisha namba za matundu zilivyokuwa Jumapili, nikaomba chai jikoni, nikachovya kipima joto cha namba moja mbele ya meneja, msimamizi wa zamu, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na Ouma mwenyewe. Wote waliona namba mbili ikipanda. Ouma alisogea mpaka karibu kabisa na skrini, akaitazama, halafu akauliza kama hivyo ndivyo ilivyokuwa Jumatatu. Nikamwambia ndivyo. Akaguna kidogo, akarudi nyuma.

Alirudishwa kazini siku hiyohiyo na barua yake ikachanwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na lilikuwa halali yangu, limo kwenye faili langu, mnaweza kulisoma. Saa za mviringo zilirudishwa kwenye draya zote. Fomu ya kukagua ikaongezewa mstari wa jaribio la joto, kila kipima joto peke yake, mashine ikiwa imewashwa, na mwendeshaji atie sahihi pamoja na mtu wa kompyuta. Msiuruke mstari huo hata siku moja. Hayo ndiyo ya kazi.

Lakini kwetu mambo hayaishi kwenye faili. Ukimkosea mtu, huendi kumwomba msamaha peke yako kama unaenda kuomba chumvi. Unatafuta mtu mzima wa kwenda nawe. Jumapili ya pili baada ya kikao nilimfuata Mzee Rono Mogogosiek, nikamweleza, akaenda ndani kuchukua koti. Siku hiyohiyo tuliketi kwa Ouma. Vyombo vilikuwa vimerudi kabatini. Mama Akinyi alitupa chai na mkate, akatupa na maji ya kunawa, hakuniangalia usoni. Mzee Rono aliongea kwanza, kwa ile lugha yake ya taratibu, akisema huyu binti ni wangu, mimi ndiye nilimfundisha kazi, na nimekuja kusimama naye. Kisha mimi nikaongea. Nilisema kuhusu matundu ya waya, kuhusu kikombe cha chai ambacho sikukichemsha, kuhusu sahihi yangu. Nilisema nimekosa.

Ouma alisikiliza huku akijikuna pembeni ya kidonda kilichoanza kupona.

"Ile ya mashine nilikusamehe pale pale mbele ya meneja," akasema. "Hakuna mtu hakosei na mashine. Mimi mwenyewe nishachoma chai kabla yako." Akaacha kujikuna. "Lakini Jumatano ulipita hapa. Ulikuwa unajua tangu Jumanne, meneja alituambia. Huyu mama alikuwa hapo nje anafunga vyombo, ukamsalimia, ukamuuliza kama tunasafiri."

Mzee Rono aliniangalia akingoja nikanushe.

Ni kweli nilimuuliza. Nilisimama pale njiani na mkoba wangu, nikatabasamu, nikamuuliza Mama Akinyi, "Mnasafiri?" Hapo juu, nilipowaandikia ya Jumatano, nilisema nilimsalimia nikaenda zangu. Nimeiandika upya sehemu hiyo mara nne, na mara zote nne nimeliacha swali nje.